Kutia giaboksi ya gia tano kwenye pikapu ya zamani

Pikapu za miaka ya sabini na mwanzo wa themanini bado hazijaisha Pemba. Msimu wa karafuu ukifika utaziona zinashuka na magunia kutoka mashambani kwenda vituo vya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na ukielekea Micheweni utazikuta zimebeba mwani, bodi limeoza chini lakini injini inanguruma kama kawaida. Kinachozishinda ni giaboksi. Gia ya pili inalia, ya tatu inaruka ukiachia mafuta kwenye mteremko, na ukiulizia ringi za shaba (zinazolainisha kuingia kwa gia) za giaboksi ya gia nne muuza spea anakuangalia tu. Hapo ndipo mwenye gari anapoanza kufikiria gia tano.

Nitatumia mfano wa Toyota Hilux za kati ya 1972 na 1983, kwa kuwa makanika wengi wanazijua. Kwa Datsun au Stout hatua hazibadiliki, maadamu injini iko mbele na propela ya wazi inapeleka nguvu nyuma.

Kwanza ujue unatafuta nini

Anayetaka gia tano kwa ajili ya mbio atavunjika moyo. Kutoka Chake kwenda Wete au Mkoani ni kiasi cha kilomita 30 kila upande, vilima na kona. Piga hesabu uone. Tairi ya 185R14 inakwenda kiasi cha mita 2 kwa kila mzunguko. Ukiwa na difu (gia za ekseli ya nyuma) ya 4.375, yaani propela inazunguka mara 4.375 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, kwenye kilomita 80 kwa saa gia ya nne inazungusha injini mara 2,850 hivi kwa dakika. Gia ya tano yenye uwiano wa 0.85 (mizunguko ya injini kwa mmoja wa propela) inaishusha mpaka karibu 2,430. Unapunguza makelele na mafuta kidogo, na mtu wa Unguja anayekwenda Makunduchi au Nungwi kila siku ataiona faida yake. Sisi huku gia ya tano tutaitumia sehemu chache.

Faida yetu kubwa ni giaboksi inayoingia gia bila ugomvi, ambayo spea zake zinapatikana kwa sababu ilifungwa kwenye gari za aina nyingi. Kwa hiyo ukiwa dukani usiitazame gia ya tano peke yake, itazame ya kwanza. Giaboksi zilizotoka kwenye gari ndogo za mbio huwa na gia ya kwanza nyepesi kwa kwenda, nzito kwa kuanzia. Yenye uwiano wa 3.57, ukiizidisha na difu ya 4.375, inakupa 15.6. Ya 3.29 inakupa 14.4. Tofauti hiyo hutaiona barabara tambarare, ila siku umesimama katikati ya mlima na magunia ya karafuu mbichi nyuma, klachi itakwambia. Mimi ningelipia zaidi kupata giaboksi iliyotoka kwenye pikapu nyengine, kuliko kuchukua ya Celica, gari ndogo ya Toyota, kwa bei poa.

Kuikagua kabla ya kutoa pesa

Giaboksi nyingi zinauzwa mitumba, zimefutwa vumbi na kupakwa rangi ya fedha. Rangi isikudanganye. Fungua nati ya kumwagia oili uitazame sumaku yake ikiwa inayo. Unga mweusi laini ni kawaida. Vipande vinavyohisika kwa kidole ni meno ya gia, iache. Oili ya rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na kama ni maji ya chumvi beringi zimeshaanza kuliwa.

Halafu ihesabu, usikubali maneno ya muuzaji. Piga alama ya chaki kwenye shafti ya mbele na ya nyuma, tia gia ya tano, zungusha ya mbele mara 17. Kama uwiano ni 0.85, ya nyuma itazunguka mara 20 kamili. Tia ya kwanza uhesabu tena: mbele ikienda zaidi kidogo ya mara tatu na nusu kwa mzunguko mmoja wa nyuma, uko sawa. Shika shafti ya mbele uitikise juu na chini. Mchezo mdogo upo siku zote kwa sababu ncha yake haijashikwa na kitu, lakini ikicheza mbele na nyuma kwa kugonga, beringi imekwisha.

Angalia vitu viwili ambavyo watu huvisahau mpaka giaboksi iko chini ya gari. Kuna tundu la kebo ya spidomita? Giaboksi za karibuni zina kihisio cha umeme badala ya kebo, na pikapu yako haina pa kukichomeka. Na je, lever ya gia inatokea umbali gani kutoka uso wa mbele? Chukua futi, pima, andika.

Hesabu ya difu

Ya difu ni rahisi. Nyanyua gurudumu moja la nyuma, jengine libaki chini limewekewa kabari mbele na nyuma, gia iwe huru. Zungusha gurudumu lililo juu mara mbili kamili na mwenzako ahesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara nne na zaidi ya robo, hiyo ndiyo 4.375 au jirani yake. Andika kwenye daftari lile lile.

Belhauzi na klachi: hapa ndipo kazi ilipo

Kukata na kuchomea kila mtu anajua. Kazi inaharibika baina ya injini na giaboksi, mahali ambapo ukishafunga huoni tena.

Giaboksi za Toyota za jamii ya W, yaani W50, W55, W58 na ndugu zao, belhauzi yake (lile ganda linalofunika klachi na kushika injini) ni kipande mbali, inafunguka kutoka kwenye sanduku la gia. Kwa hiyo unaweza kutafuta belhauzi inayokubali injini yako upande mmoja na sanduku upande wa pili. Usiamini "inaingia hiyo, mimi nimeshafunga". Iweke belhauzi kwenye injini kwa mkono, bolti zote ziingie bila kulazimisha, zile pini mbili za kulenga zikae, na stata iwe na nafasi yake upande ule ule. Bolti moja ikikataa, simama hapo hapo. Kulitanua tundu kwa faili ni kuiondoa giaboksi kwenye mstari wa krenki, shafti kuu ya injini.

Na mstari huo ndio roho ya shughuli yote. Shafti ya giaboksi na krenki lazima ziwe kitu kimoja kilichonyooka. Ukiweza kupata saa ya kupimia, ile yenye sumaku, ifunge kwenye flaiwili (gurudumu zito nyuma ya krenki), ncha yake iguse duara la ndani la belhauzi, kisha zungusha injini kwa mkono. Mshale ukicheza zaidi ya milimita 0.25 jumla, belhauzi iko pembeni kwa zaidi ya 0.12. Gari itakwenda, lakini baada ya miezi klachi itaanza kutetemeka na beringi ya mbele kulia, nawe utalaumu spea za bandia.

Klachi sasa. Unachanganya vitu vya gari mbili, basi kila kimoja ujue kinamfuata nani. Presha pleti, ile inayobana klachi pleti, inafuata flaiwili, yaani injini. Klachi pleti inawafuata wote wawili: upana wake unatoka kwenye flaiwili na presha pleti, lakini meno ya katikati yanatoka kwenye shafti ya giaboksi. Yahesabu meno hayo, kisha pima na unene wa shafti kwa kalipa, maana shafti mbili zinaweza kuwa na idadi moja ya meno na unene tofauti. Pleti ikae na kuteleza kwenye shafti kwa uzito wake bila kukwama na bila kupwaya.

Rilizi beringi, ile inayoachia klachi ukikanyaga pedeli, inafuata pua ya giaboksi kwa ndani, na vidole vya presha pleti kwa mbele. Urefu wake ukiwa mfupi, utakanyaga pedeli mpaka chini na gia isiingie. Ukiwa mrefu, klachi itakuwa imeshikiliwa muda wote, na pleti itateleza mpaka iungue.

Mwisho ni pailoti beringi, ile ndogo inayokaa mwisho wa krenki. Nje yake ni kipimo cha tundu la krenki, ndani yake ni kipimo cha ncha ya shafti ya giaboksi. Vikipishana, mkerezaji mwenye lezi atakuchongea bushi ya shaba kwa muda mfupi. Usifunge bila hiyo.

Kisha fanya jaribio ambalo halina gharama. Kanda unga wa ngano kidogo uwe mgumu, tia kijidonge ndani kabisa ya tundu la krenki, nyuma ya pailoti. Paka ncha ya shafti mafuta, ingiza belhauzi na giaboksi kama unavyofunga, kaza bolti mbili kwa mkono, halafu toa. Kitazame kile kijidonge. Kikiwa kimebonyezwa mpaka chuma kimeonekana, shafti ni ndefu na inagonga krenki. Kaza namna hiyo na utaua beringi za injini. Kikiwa hakijaguswa kabisa, shafti huenda ni fupi: paka grisi yenye rangi uone kama ncha inaingia ndani ya pailoti kwa upana wake wote. Unga uliobonyezwa kidogo bila chuma kuonekana ndio unaoutaka, na usisahau kuutoa wote.

Kushusha ile ya zamani

Toa kwanza waya wa betri wa hasi. Gari ipandishwe kwenye stendi za chuma, au magogo mazima ya mnazi yaliyokatwa sawa na kulazwa kwa upana. Tofali la saruji lisikae chini ya gari hata siku moja, linapasuka bila kutoa taarifa. Magurudumu ya mbele yawekewe kabari.

Mwaga oili. Piga alama ya nukta kwenye flenji ya difu na ya propela, ndiyo utoe propela. Ondoa bomba la moshi mahali linapopita chini ya belhauzi, kebo ya spidi, waya wa taa ya rivasi, silinda ya chini ya klachi (usiikate paipu, ifunge pembeni kwa waya) na stata. Kwa bolti zilizoshikwa na kutu ya pwani, zipige mafuta ya kulainishia jana yake, si dakika tano kabla.

Injini iwekewe jeki yenye ubao chini ya sampu. Ukiondoa krosi memba ya nyuma, ile chuma ya kukingama inayobeba mkia wa giaboksi, injini itainama, na kisambaza moto kinaweza kugonga ukuta wa kabini, au feni ikala rejeta. Usiiache iiname zaidi ya inavyohitajika. Giaboksi ni mzigo wa watu wawili. Ivuteni nyuma moja kwa moja mpaka shafti itoke yote. Anayeiacha ining'inie kwa shafti anapinda klachi pleti.

Ukiwa hapo, badilisha sili ya nyuma ya krenki. Kazi yote hii halafu oili ivujie klachi mpya, huo utakuwa uzembe.

Kuiweka mahali pake

Funga flaiwili, klachi iliyosawazishwa kwa shafti kuukuu ya mfano, kisha belhauzi na giaboksi. Isiburutwe kwa bolti: kama haikai bapa kwa mkono, kuna kitu hakijalingana. Itoe tazama.

Sasa giaboksi imeshika injini na mkia wake uko kwenye jeki. Hapa ndipo unapotengeneza krosi memba, si kabla. Simu yako ina programu ya kupima mwinamo, iweke juu ya uso uliokerezwa wa giaboksi, halafu kwenye flenji ya difu. Unachotaka ni vitu viwili hivyo viwe sambamba: giaboksi ikitazama chini digrii 3 kwa nyuma, difu itazame juu digrii 3 kwa mbele. Tofauti isizidi digrii 1. Na pembe ya kila krosi (kiungo kinachokunjika) ya propela isipite digrii 3 ikiwezekana. Pima gari ikiwa imekaa kwa magurudumu yake na mzigo wa kawaida nyuma, kwa sababu springi za majani zikishuka difu nayo inageuka. Ukipima gari tupu utapata mtetemo siku ya kubeba.

Nzuri zaidi ni krosi memba ya zamani kusogezwa nyuma na kutobolewa matundu mapya, ikiwa inafika. Ikishindikana, chuma cha pembe nne cha milimita 4 kinatosha. Ifunge kwa bolti, usiichomee kwenye chesisi. Kesho utataka kuishusha, na chesisi zetu za pwani zimeshakonda vya kutosha bila kuongezewa moto. Maunti iwe ya mpira. Niliwahi kuona giaboksi imefungwa chuma kwa chuma, na mkia wake wa aluminiamu umepasuka duara.

Propela

Giaboksi mpya karibu siku zote ina urefu tofauti. Ingiza nira ya kuteleza (ncha ya propela inayoingia giaboksi) mpaka mwisho, irudishe nyuma milimita 25, kisha pima kutoka hapo mpaka uso wa flenji ya difu, gari ikiwa chini. Hicho ndicho kipimo cha mkerezaji. Kama propela yako ni ya vipande viwili yenye beringi katikati, unabadilisha kipande cha mbele tu, nafuu kubwa.

Kukata na kuunganisha kufanywe kwenye lezi, na nira mbili za ncha za kipande kimoja zilale kwenye mstari mmoja. Ikipishana hata kidogo, hakuna balansi itakayoponya. Balansi yenyewe ni lazima. Kama kwenu hakuna mashine yake, ipakie propela kwenye boti iende Dar, urudi kulala. Anayechomea propela kwa macho na kusema "tutaona barabarani" anakuuzia mtetemo kwenye kilomita 60.

Tundu la sakafuni na mengineyo

Lever itatokea mahali papya. Kata sakafu baada ya giaboksi kukaa, usikate kwa kukisia. Kabla ya kumaliza kukata, tia gia zote tano na rivasi ukiwa umekaa kitini, uone kama mkono unagonga benchi. Kwenye Hilux za mwanzo kabisa, zile za 1968 zenye gia kwenye stelingi, hapo hapakuwa na tundu kabisa, kwa hiyo pima na mapaja ya abiria wa katikati. Lever inaweza kupindwa kwa moto, mbali na gari. Kingo zilizokatwa zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Huku hewa yenyewe ni chumvi. Mpira wa ndani wa tairi ya lori unafaa kuziba, ufunge kwa bati jembamba na skrubu.

Spidomita haiathiriwi na gia ya tano, maana kebo inachukua mzunguko kutoka shafti ya kutokea. Kinachoipotosha ni meno ya gia ndogo ya plastiki mwisho wa kebo. Ilinganishe na simu ukienda kasi moja mahali palipo tambarare. Ikizidi au kupungua, badilisha hiyo gia ndogo tu. Switchi ya rivasi nayo iunganishe, usiiache mpaka siku ya ukaguzi.

Oili na barabara

Tia oili ya daraja la GL-4, 75W-90 au 80W-90, mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia, gari ikiwa imelala sawa. Kwa giaboksi zenye ringi za shaba za zamani naikwepa GL-5 kwa sababu baadhi ya viungo vyake huila shaba. Duka nyingi zitakupa ya difu kwa kuwa ndiyo iliyo mbele. Soma kopo.

Toa upepo klachi, tia gia zote injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma magurudumu yakiwa hewani. Zunguka mtaani bila mzigo, gusa belhauzi na mkia kwa mkono ukirudi. Joto la kuvumilika ni sawa, la kukufanya uondoe mkono haraka si sawa. Halafu ndiyo upande mlima na nusu ya mzigo. Ukiskia mlio unaobadilika na kasi ya gari lakini haujali gia uliyotia, tazama propela na pembe zake. Ukibadilika na injini ukikanyaga klachi, ni rilizi beringi au pailoti.

Baada ya kilomita 500, mwaga oili ile, tazama sumaku, tia mpya, na uzipitie tena bolti za krosi memba na flenji za propela.